Hamira imeacha sukari nyingi: nitafute chachu gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko maabara ya kiwanda cha sukari. Tunajaribu kupata ethanoli kutoka makapi ya miwa: tunayachemsha kwa asidi hafifu, tunakamua maji, makapi yanayobaki tunayatia vimeng'enya, kisha tunachanganya maji yote. Sampuli tuliyopeleka chuoni ilikuwa na gramu 60 za glukosi na 30 za zailosi (sukari nyingine itokayo kwenye makapi) kwa lita. Tunatumia hamira ya mkate. Baada ya saa 48 tunapata gramu 28 za ethanoli kwa lita, ila kipimo cha DNS bado kinaonyesha sukari gramu 31. Hamira imechoka? Nichague chachu ipi?

JIBU: Haijachoka hata kidogo. Gramu moja ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.51 za ethanoli, kwa hiyo gramu 60 zina kikomo cha 30.6. Wewe umepata 28, yaani zaidi ya asilimia 90. Kuna viwanda vya molasi ambavyo vingefurahia kiwango hicho.

Kilichobaki ni zailosi. DNS hupima sukari rejeshi zote (kundi lenye glukosi na zailosi pia) kwa pamoja bila kujali jina, na Saccharomyces cerevisiae, ambayo ndiyo hamira yenyewe, kwa asili haigeuzi zailosi kuwa ethanoli. Ukiongeza hamira au siku, utaikuta palepale. Hakikisha kwa kipimo cha glukosi oksidesi, kimeng'enya kinacholenga glukosi. Vijiti vya kupimia sukari ya damu visikudanganye, maana baadhi yake husoma zailosi kama glukosi.

Sukari yote ikichachuka, kikomo kinapanda hadi gramu 45.9. Unatafuta hizo 15 za juu.

Chachu ya kwanza kufikiria ni Scheffersomyces stipitis, ambayo vitabu vya zamani huiita Pichia stipitis. Huchachua zailosi kwa asili, lakini ina madeko. Bila hewa kabisa hukwama. Hewa ikizidi, hula sukari kwa ajili ya kukua na ethanoli inapungua. Haivumilii ethanoli nyingi kama hamira. Tena glukosi ikiwapo, huanza nayo na kuiacha zailosi ingoje. Kluyveromyces marxianus hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 40, jambo zuri kwa sehemu zenye jua kali, ila zailosi nyingi huishia kuwa zailitoli, ambayo si ethanoli.

Zipo pia hamira zilizobadilishwa jeni. Kundi la Nancy Ho, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, lilitengeneza moja katika miaka ya 1990. Watafiti wa Delft, Uholanzi, wakapita njia nyingine kwa jeni ya kuvu Piromyces. Zinafanya kazi, lakini kabla ya kuagiza ulizia leseni na kibali cha usalama wa viumbe. Kwa hatua uliyopo, mimi nisingeanzia huko.

Sasa jinsi ya kuzijaribu chachu ili uchague. Usichague chachu kwa sababu imeota vizuri kwenye sahani ya zailosi. Chachu nyingi huila sukari hiyo kwa kupumua, zikanenepa, na ethanoli usiione. Tumia chupa ndogo zenye hewa kidogo, na ndani utie maji yako halisi ya makapi. Sukari safi ya dukani haikuambii kitu. Maji ya asidi hubeba asidi asetiki na fufuro, ambazo ni sumu kwa chachu, na hapo ndipo chachu nyingi zilizosifiwa vitabuni hushindwa. Weka pH karibu na 5.5, kwa sababu ikishuka chini ya 4.8 sehemu kubwa ya asidi asetiki hupenya ndani ya seli. Pima ethanoli, zailosi na zailitoli saa ya 24, 48 na 72. Chachu inayopita, izoeshe: anza na robo ya maji ya makapi, kisha nusu, kisha robo tatu, ukihifadhi mbegu (chachu hai) ya kila hatua kwenye gliseroli.

Lakini kabla ya hayo yote, acha kuchanganya. Maji ya asidi yana zailosi zaidi, yape S. stipitis peke yake, baada ya kupunguza fufuro. Sukari inayotoka kwa vimeng'enya, iliyo glukosi karibu yote, ibaki kwa hamira. Kila moja itapata sukari inayoiweza, na S. stipitis haitakuwa na glukosi nyingi ya kuichelewesha. Zailitoli ikianza kupanda kwenye tangi hilo, ongeza hewa kidogo kabla ya kuilaumu chachu.