Kwa nini reli iliyo mbele ya ishara nyekundu nayo iwe tupu?

SWALI: Mhandisi, salamu. Nasomea ufundi wa ishara za reli. Tumefundishwa kwamba treni haikaribishwi hadi kwenye ishara nyekundu mpaka kipande cha reli kilicho mbele ya ishara hiyo, yaani baada ya kuipita, kiwe tupu, na kwamba Uingereza kipimo cha kawaida ni mita 180. Lakini treni ya kilomita 100 kwa saa haisimami ndani ya mita 180! Kipande hicho kinamlinda nani?

JIBU: Kipande hicho tunakiita ovalapu. Kinamlinda dereva aliyeiona nyekundu, akafunga breki, akakosea kidogo. Aliyepitiwa kabisa hakimsaidii.

Fanya hesabu. Tuseme breki zinapunguza mwendo kwa mita 0.7 kwa sekunde, kila sekunde, na zimeshakamata. Treni ikivuka ishara kwa kilomita 40 kwa saa, itasimama baada ya mita 90 hivi. Kwa 60, karibu mita 200. Kwa 100 ni kama mita 550. Basi mita 180 zinamtosha yule ambaye magurudumu yalimteleza kwenye reli yenye utelezi akiwa tayari anapunguza mwendo.

Mwenye kuja kwa kasi anahitaji kitu kingine cha kumshika. Kwenye baadhi ya njia za treni za chini ya ardhi za London, ishara ikiwa nyekundu kuna mkono wa chuma unaosimama kando ya reli. Treni ikipita, mkono unagonga swichi iliyo chini ya behewa na breki za dharura zinafunga. Huko ovalapu hupimwa kwa umbali halisi wa breki hizo. Reli kuu za Uingereza zina mtambo wa kujiendesha uitwao TPWS, ambao hupima mwendo kabla ya ishara na kumfungia breki anayekuja kwa kasi mno, ili afike kwenye ovalapu akiwa ameshapungua. Kwa hiyo usiniulize ovalapu ina mita ngapi kabla hujaniambia treni inadhibitiwa na nini.

Ukitaka kuiona kwa macho, hesabu umbali kutoka kwenye ishara kwenda mbele hadi ukute kiungo cha reli kilichowekewa plastiki kuzuia umeme. Mara nyingi ovalapu inaishia hapo. Ishara iliyotangulia hairuhusu treni ipite hadi saketi ya kipande hicho, yaani umeme unaopitishwa kwenye reli ili kugundua treni, ioneshe kuwa hakuna treni.

Pale penye pointi, yaani reli zinazosogezwa kuhamishia treni njia nyingine, ndipo kazi ilipo. Pointi zikiangukia ndani ya ovalapu, lazima zilazwe upande unaofaa na kufungwa, na treni inayotaka kuvuka hapo itasubiri. Watu wa ratiba hawatupendi kwa sababu hiyo. Njia mojawapo ni kuielekeza ovalapu kwenye reli nyingine iliyo tupu. Nyingine ni saa: treni ikishakaa kwenye saketi ya mwisho kabla ya ishara kwa sekunde zilizopangwa, mtambo huichukulia kuwa imesimama, na ovalapu inaachiliwa.

Hapo kwenye sekunde ndipo huwa nakagua michoro ya vijana mara mbili. Wengi huzihesabu kwa treni ya abiria inayokuja kwa mwendo mzuri, wakaisahau ya mizigo inayojikokota: saa inaisha, pointi zinageuzwa, nayo bado inatembea.