Anza na kisa, maneno yatafuata

Wazazi wenzangu hapa Bronx, New York, huniuliza wafanyeje ili watoto washike lugha ya nyumbani. Wengi wameshanunua vitabu vya picha na kubandika majina ya vitu jikoni. Ushauri wangu ni huu: mkialikwa matangani kwa jirani Mgarifuna, nendeni, mkae mpaka usiku uingie.

Wagarifuna wa mtaani kwetu wametoka Honduras, Belize na Guatemala. Ukiwaona utadhani ni ndugu zetu wa pwani, na mchuzi wao wa samaki wa nazi na ndizi za kuponda hautakushangaza. Lugha yao, hata hivyo, ni ya jamii ya Kiarawaki, kwa sababu mababu zao Waafrika walichanganyika na wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent, ambacho wao hukiita Yurumein. Kiongozi wao Chatoyer aliuawa mwaka 1795 akipigana na Waingereza. Baada ya hapo maelfu ya watu wake walifungiwa katika kisiwa kidogo cha Baliceaux, na karibu nusu yao wakafia huko. Walionusurika walipelekwa Roatán, mbele ya pwani ya Honduras, mwaka 1797.

Watu waliopitia hayo wangeweza kunyamaza. Wao wana úraga, hadithi zinazosimuliwa kwenye matanga na mikusanyiko mikubwa. Jirani yangu alinichukua kwenye matanga ya kaka yake. Vijana wanaojibu wazazi wao kwa Kihispania au Kiingereza walikuwa wamekaa kimya, wakamsikiliza mzee akisimulia kwa Kigarifuna. Wimbo ulipoingia katikati ya hadithi, wakaitikia. Waliocheka walicheka na waliolia walilia, na hakuna aliyesimamisha msimulizi ili atafsiriwe.

Nikajaribu kwetu. Mama yangu yuko Same, na kwenye simu huzungumza na wajukuu Kiswahili tu, akiwahurumia. Nikamwomba asimulie jinsi dada yake alivyofariki, kwa Kipare, nami nikaweka simu mezani watoto wasikie. Alifika mahali akanyamaza, nikamwacha. Wiki iliyofuata aliendelea mwenyewe bila kuombwa, na sauti yake ilikuwa nyepesi zaidi. Mwanangu wa kwanza akaanza kumuuliza maswali.

Kwa hiyo usimkalishe mzee umhoji majina ya vyombo na ndege. Muulize nani alihama, nani alizikwa ugenini, ugomvi wa shamba uliishaje. Kisa chenye uzito humrudisha kwenye lugha aliyokuwa akiongea siku hizo. Mtoto asipoelewa kila kitu, mwache. Atashika kwanza kiitikio, kisha majina ya watu, mengine yatakuja. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa. Akikataa, sikiliza tu, kwani kuna habari za ukoo ambazo si za simu. Na kidonda ambacho hataki kukigusa usikilazimishe.

Jambo hili la kupona Wagarifuna wanalichukulia kwa uzito mkubwa. Mtu akiugua na ikaonekana mababu wamesahauliwa, ukoo hukusanyika kwa ajili ya dügü, ibada ya siku kadhaa inayoongozwa na mganga wao, buyei, na ndugu husafiri kutoka mbali. Nyimbo zake ni za Kigarifuna. Asiyejua lugha anacheza na wenzake, ila hasikii mababu wanaambiwa nini. Hilo liliniuma sana, nikawafikiria watoto wangu, siku watakaposimama mbele ya kaburi la bibi yao.

Kule Dangriga, Belize, kuna shule ya msingi inayofundisha Kigarifuna, iliyopewa jina la Gulisi, mwanamke ambaye masimulizi yanasema alikuwa binti wa Chatoyer. Shule ni jambo jema, nami ningefurahi tungekuwa nayo. Lakini msingoje shule. Mzee akimaliza kusimulia, mwombeni mtoto amsimulie mdogo wake kisa kilekile, kwa maneno yoyote aliyoyashika, na mtu yeyote asimcheke.