Kilo ngapi kiunoni? Tuongee risasi za kuzamia

Jamani wadau wa kuzamia, hebu leo tuongee hii ishu ya risasi, yaani vile vipande vizito vya mkanda wa kiunoni vinavyomsaidia mzamiaji kushuka, maana kila wageni wakijaa huku Nungwi naona yaleyale, mtu anapanda boti anaulizwa unabeba kilo ngapi, anasema sijui niwekee tu, basi anafungwa mkanda wa kilo kumi hivi na safari inaanza. Na kwa kweli kwa anayewaongoza ni rahisi, wote wanashuka kwa pamoja hakuna anayebaki juu anaelea, ila gharama yake unailipa wewe mzamiaji huko chini.

Kwa sababu kila kilo ya ziada lazima uifidie kwa kutia hewa kwenye jaketi (lile unalovaa, la kujaza na kutoa hewa ili upande au ushuke), na hiyo hewa haitulii, ukipanda kidogo inatanuka inakuvuta juu, ukishuka kidogo inabanwa unadidimia, sasa wewe kazi yako ni kubonyeza tu, tia toa tia toa, na geji ya hewa ya mtungi inashuka mbio. Kuna mgeni mmoja tulikuwa naye Wattabomi, eneo la kuzamia pale kisiwa cha Mnemba, suti ya kuzamia ya unene wa milimita 3, kiunoni kilo 10. Jaketi limevimba mpaka mbavuni, kiuno kinamvuta chini kifua kinamvuta juu, kwa hiyo anaogelea amesimama wima kama yuko kwenye foleni ya benki, na mapezi ya miguuni yanapiga mchanga wote juu ya matumbawe. Mchana wake tukampa kilo 6. Akalala mlalo mwenyewe bila kufundishwa chochote.

Ile hesabu ya asilimia ya uzito wa mwili (wengi wanafundishwa 10 kwa suti ya milimita 5, na 5 kwa suti ya milimita 3) ichukue kama pa kuanzia tu, usiifanye msahafu. Watu wawili wote kilo 80, mmoja misuli mitupu mwingine kitambi, utawafungia risasi sawa kweli?

Mimi naamini kipimo cha mwisho wa mbizi. Mtungi umebaki baa 50 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), mko juu karibu na boti bado hamjapanda, regyuleta (kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) iko mdomoni, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishike, na miguu usiipige kabisa!! Maji yakikufika usawa wa macho, halafu ukitoa pumzi ukaanza kuzama polepole, hapo umepata. Ukizama na pumzi bado umeishika basi punguza kilo moja mbizi inayofuata, halafu pima tena. Usipunguze tatu kwa mkupuo.

Kwa nini mwisho na siyo mwanzo? Kwa sababu hewa ina uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa baa 200 ndani yake kuna hewa ya kama kilo mbili na nusu, ukitumia mpaka baa 50 kilo 2 zimeshaondoka, na mtungi wenyewe unaanza kutaka kuelea. Sasa kama ulijipima asubuhi na mtungi umejaa ukaona uko sawa, ukifika kwenye ile stopu ya usalama kabla ya kupanda juu, mita 5 dakika 3, utaanza kupanda bila kutaka na huna cha kushika. Ukilazimika kupima mwanzoni basi ongeza kilo 2 juu ya ulichopata.

Wengine hawana shida ya risasi kabisa, shida ni pumzi. Mtu ana hofu, anajaza mapafu, na lita moja ya hewa ya ziada kifuani inakubeba karibu kilo nzima, huku miguu inachapa maji inamsukuma juu, halafu anaashiria "niongezee!" Toa pumzi yote kwanza, tulia, subiri. Suti ambayo bado haijalowa nayo inakuja na vipovu vyake, mbizi ya kwanza ya siku inasumbua kuliko ya pili.

Na namba yako siyo ya maisha. Kusi maji yakipoa ukavaa milimita 5, inapanda. Ukipewa mtungi wa chuma badala ya alumini unaweza kupunguza kama kilo 2. Ukienda kuzamia Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, maji baridi yasiyo na chumvi yanakubeba kidogo kuliko bahari, wewe na vifaa vyako mkiwa kilo 100 jumla toa kama mbili na nusu, na ndio maana pia waliojifunzia kwenye bwawa wakija baharini wanashangaa hawashuki.

Kwa hiyo kwenye logibuku (daftari la kumbukumbu za mbizi zako) usiandike "kilo 6" peke yake, andika na suti gani, mtungi gani, maji gani, na ulivyojiona pale mita 5 hewa ikiwa imeisha isha. Boti nyingine ukiulizwa unabeba ngapi unafungua ukurasa unamuonyesha anayewaongoza, na akitaka kukuongezea mbili "za usalama" mwambie tupime kwanza hapahapa ubavuni mwa boti.