Usisaini hiyo likizo ya mkopo kabla hujanisoma

Dada wa viatu, weka kalamu chini kwanza. Umesema arkedi yenu, hilo jengo la maduka hapo Kampala, imefungwa tangu 18 Juni 2021 kwa hizi siku 42 za korona, benki wamekupigia wenyewe wakakwambia pumzika miezi mitatu usilipe, unauliza usaini au usisaini, halafu mwenye nyumba anataka kodi yote na hujui zile shilingi laki moja za msaada wa serikali watu wanaandikishwa wapi. Naona watu kumi wameshakujibu "saini, hiyo ni zawadi". Zawadi ya nani? Mimi nilipewa hiyo zawadi mwaka jana, 2020, hapa Busia mpakani na mpaka leo naitafuna, ina mifupa tupu.

Nauza viatu vya mtumba. Wateja wangu nusu walikuwa wanatoka ng'ambo, upande wa Kenya, wanavuka asubuhi wananunua wanarudi. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa watu, yakabaki kupita malori, tarehe 30 tukaambiwa asiyeuza chakula afunge, saa moja jioni kila mtu awe ndani. Siku 14 tu, walisema. Sawa, 14. Tukaja kuzihesabu mpaka vidole vya jirani vikaisha.

Nilikuwa na mkopo wa milioni 15, miezi 24, riba 2 kwa mia kila mwezi kwa salio linalobaki. Nimeshalipa miezi 7, deni limebaki milioni 11 na laki 3, rejesho langu ni 793,000. Sasa Aprili ikaja ile habari ya Bank of Uganda, benki kuu, kwamba mabenki yameruhusiwa kupanga upya mikopo ya watu walioumizwa na korona, kwa miezi 12 (baadaye wakasogeza mpaka mwezi wa tisa 2021). Mimi na akili zangu nikasikia "mikopo imesamehewa". Hakuna mahali waliposema samehe! Walisema benki IMERUHUSIWA kukupangia upya, basi, na riba hakuna aliyeigusa. Lakini afisa mikopo wangu, kijana mmoja ananukia marashi mpaka macho yanawasha, akanizungushia fomu mezani akaniambia, "Mzee, saini hapa ukalale, serikali imeshughulikia." Nikamuuliza na riba? Akacheka! Akasema hayo tutaongea ukirudi. Na mimi nikacheka naye, mjinga mkubwa, nikasaini kurasa nne sikusoma hata moja kwa sababu miwani niliiacha nyumbani. Hata ningekuwa nayo nisingesoma, niwe mkweli. Mwezi uliofuata nikasikia redioni serikali imekopa IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, dola milioni 491.5, nikamwambia mke wangu unaona, hizo ndizo zinalipa riba yetu. Alininyamazia. Mke wangu akinyamaza ujue nimekosea lakini mimi huwa sijifunzi.

Sasa ngoja nikupeleke kwenye ujinga wenyewe. Ile 793,000 ya mwezi wa kwanza nilikuwa nayo mkononi. Kweli nilikuwa nayo, na ya mwezi wa pili karibu itimie, maana nilikuwa nauza moja moja kwa WhatsApp na boda walikuwa wanaruhusiwa kubeba mzigo. Badala ya kuipeleka benki, hata nusu, hata robo, nikasema si niko likizo, nikanunua belo mbili za viatu vyeusi vya shule. Shule zilikuwa zimefungwa tangu 20 Machi, tuliambiwa mwezi hivi zinafunguliwa, nikajiona mjanja, wenzangu wamelala mimi natayarisha muhula! Dada, shule unaijua ilikoenda, mwezi ukapita hazikufunguliwa. Viatu viko chini ya kitanda mpaka leo, pea moja tu shemeji yangu ameivaa kwenda kutoa mahari.

Oktoba likizo ikaisha, nikaitwa. Yule wa marashi ameshahamishwa tawi, kuna dada mwingine pale, anageuza kompyuta ananionyesha salio 12,656,000. Nikamwambia umekosea mtu. Akasema hapana, ni miezi sita ya riba, 226,000 kila mwezi, jumla 1,356,000, tumeiweka juu ya deni, na sasa hiyo nayo itazaa riba. Lakini tumekusaidia, anasema, tumekurefushia upya iwe miezi 24 rejesho lishuke mpaka 669,000. Banange, nilifurahi! Nikanunua soda njiani. Jioni nikampa binti yangu hesabu, yuko P.6, darasa la sita, yuko nyumbani hana la kufanya, akachukua penseli nyuma ya daftari la sayansi akaandika 17, ile miezi niliyokuwa nimebakiza, mara 793,000, akaandika 24 mara 669,000, akatoa. Akanigeuzia daftari bila kusema kitu. 2,575,000. Hizo ndizo nilizolipia kulala, na usingizi wenyewe sikuupata.

Kuna jirani yangu anauza chakula cha kuku, benki hiyo hiyo, miezi hiyo hiyo, yeye alikataa likizo akaomba alipe riba peke yake mpaka mambo yatulie. Walimzungusha siku tatu wakakubali. Alitoka pale deni halijaongezeka hata shilingi.

Kwa hiyo dada, LIPA RIBA. Rejesho zima huna, naelewa, arkedi imefungwa utatoa wapi, lakini riba ya mwezi itafute, uza mbili tatu kwa simu, uza kabati, lipa riba. Kesho ukienda mwambie akuandikie kwa karatasi, na mhuri, siku nikirudi salio litakuwa ngapi na jumla yote nitalipa ngapi. Akianza kukwambia serikali imeshughulikia, mnuse kwanza, kama ananukia marashi toka mbio. Na hao wanaokwambia humu "saini" waulize wamekopa wapi wao, wengi hata akaunti hawana, wanakopa sukari kwa jirani.

Halafu akikwambia "tunakurefushia" uliza utalipa rejesho mara ngapi, piga hesabu palepale kwa simu yako, usimsubiri mtoto wa P.6.

Nimechelewa, betri inaisha na umeme hakuna. Kama kuna mzazi humu, viatu vyeusi ninavyo, saizi 33 mpaka 38, havijavaliwa isipokuwa hiyo pea ya shemeji.