Mwamba wetu wagawanywa viwanja

SWALI: Sisi vijana tunapanda miamba kwenye karieri (machimbo ya mawe) ya zamani nje ya Lubumbashi. Sasa kuna watu wanapima viwanja chini yake, tena wamesimamisha borni (alama za mipaka). Tufanye nini? – Wapandaji, Lubumbashi

JIBU: Ndugu, kimbilieni katasta, ofisi ya upimaji ardhi, kabla ya redio. Chukueni vipimo vya GPS vya kona za eneo, kisha ulizeni mwenye kiwanja ana karatasi gani. Hapo ndipo kesi ilipo. Karatasi ya shefu wa kartye (mkuu wa mtaa) haimpi haki ya ardhi. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji, nacho kikishatimiza miaka miwili ni vigumu mno kukifuta. Akiwa na mkataba wa kupanga ardhi ya serikali tu, bado mna nafasi.

Mwandikieni konservata wa hati za ardhi, nakala kwa burgumesta (mkuu wa komuni), na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hupotea. Msidai kilima kizima: ombeni ukuta, njia, na ukanda wa chini mawe yanapoangukia. Ukanda huo, kusema kweli, haufai nyumba hata kidogo. Ambatisheni picha za mawe yaliyokwisha kuanguka. Borni msizing'oe, mtageuka washtakiwa.