Makabati ya baba mkwe yananichosha, wifi hataki niyaguse

*Shikamoo Shangazi. Huu ni mwaka wa sita tangu niolewe. Tunaishi Tanga, kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba mkwe. Alikuwa seremala, na makabati ya jikoni aliyatengeneza mwenyewe miaka ya 1980, ya mninga. Yamepakwa rangi ya mafuta juu ya rangi mpaka milango haifungi. Ya juu siyafikii bila kigoda, ya chini yamejaa mende, na chini ya sinki ubao umeanza kulainika. Kikoba chetu tumekivunja mwezi uliopita, na fundi amenipigia hesabu ya makabati mapya ya MDF, meupe ya kung'aa: Sh3,800,000. Mume wangu nikimuuliza anasema "fanya unavyoona". Wifi kusikia tu akanipigia: "Ukiyatoa makabati ya baba, umemtoa baba nyumbani." Mama mkwe yuko Moshi kwa binti yake huyo, hajasema neno. Na mpaka leo wageni wakija wanasema "jiko la mama". Niyatoe au niyaache? Mkaza mwana, Tanga.*

Marahaba mwanangu. Umeniuliza habari ya mbao, ila kinachokuuma, hilo "jiko la mama", umekiweka mwishoni kabisa, kabla tu ya swali, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni. Nitafika huko. Mbao kwanza, maana hizo majibu yake yanapatikana kwa bisibisi.

Toa vyombo vyote, chomoa droo, shika tochi uingie chini ya sinki. Choma kwa ncha ya bisibisi ule ubao wa chini unaogusa sakafu. Ikizama bila nguvu, hapo pameoza na patakatwa. Ikigoma, ulaini uliouona ni wa rangi iliyolowa, mti wenyewe mzima. Halafu mulika pembe za nyuma zinazoegemea ukuta. Ukikuta vichuguu vyembamba vya udongo, ni mchwa. Ukikuta vitundu na unga laini umemwagika chini yake, kuna wadudu wanaobungua. Lakini sitarajii ukute mengi. Kiini cha mninga, ile sehemu ya kahawia inayoelekea wekundu, mchwa hawakipendi. Wanachokula ni weupe wa pembeni, na seremala anayeijua kazi yake huupunguza kabla hajaunganisha. Tazama pia pembe za milango. Ukiona ulimi wa ubao mmoja umezama kwenye tundu la mwenzake, msumari hakuna, basi una kazi ambayo ukiiagiza leo kwa mninga uleule, hizo hela zako sidhani zitatosha.

Milango kutofunga si uzee. Ni matabaka ya rangi kwenye kingo, na bawaba zilizoliwa na kutu ya hewa ya bahari. Fundi atoe rangi, apitishe randa kidogo pale panapobana, aweke bawaba za chuma kisichoshika kutu. Ila msasa mkavu nakukataza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Milango ing'olewe ikafanyiwe kazi uani, isuguliwe ikiwa imeloweshwa, watoto na mwenye mimba wakae mbali, na maganda yote yazolewe yatiwe kwenye mfuko. Usikubali yafagiliwe kwenye bustani ya mchicha.

Sasa hayo meupe. Sina ugomvi nayo, jiko jeupe linapendeza, na kwenye picha za simu ndiyo linapendeza zaidi. Lakini MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ikiwa kavu imenyooka, haipindi wala haipasuki. Ikinywa maji huvimba kama andazi na hairudi ilivyokuwa. Na sisi jikoni tunadeki. Ndoo inamwagwa, maji yanasukumwa kwa ufagio mpaka mlangoni, na yakipita yanaacha sehemu yake chini ya kabati. Uvimbe huanzia hapo. Baadaye skrubu za bawaba zinalegea, mlango unaning'inia, na tundu la skrubu kwenye MDF likishalegea kulikaza upya ni kazi. Kama moyo wako umeshikilia meupe, muulize fundi kama bodi yake ni ile ya kustahimili unyevu, ambayo mara nyingi katikati imetiwa rangi ya kijani. Kila ukingo uzibwe, hata wa tundu la sinki usioonekana na mtu, na kabati lisimame juu ya miguu ya plastiki.

Mimi ningeyabakiza ya mninga. Nisingeyaacha yalivyo, maana kigoda hicho kitakuangusha siku moja. Makabati ya juu yameshikizwa tu ukutani, yanashuka. Jiko hilo lilipimwa kwa kimo cha mama mkwe wako, nawe haki yako ni lipimwe kwa kimo chako. Simama wima, kunja kiwiko: sehemu ya kukatia mboga iwe chini ya kiwiko kwa sm 10 hadi 15. Ikiwa iko juu zaidi, fundi akate makabati kwa chini, palepale penye kuoza, kisha ayakalishe juu ya kidaraja cha tofali kilichovishwa marumaru, ajue tu kimo cha mwisho unachotaka. Maji ya kudeki hayatayafikia tena. Kama mtungi wa gesi unakaa ndani ya kabati, atoboe matundu chini kabisa ya mlango, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Mende watahamia hata kwenye makabati mapya. Wanafuata maji yanayovuja sinkini na ile nafasi kati ya kabati na ukuta. Ziba vyote viwili.

Kuna jambo hujaligusia. Nyumba ni ya nani? Umeandika "aliyoacha marehemu". Kama mirathi haijafungwa, nyumba hiyo bado ni ya warithi wote, mama mkwe na wifi wakiwemo, na anayesimamia ni yule aliyeteuliwa na mahakama, hata kama anayelala humo ni mwingine. Hela za kikoba zikishabandikwa kwenye ukuta wa warithi hazibanduki. Muulize mume wako hilo leo, kabla ya kumpa fundi hata senti ya malipo ya awali. Na kwa chochote utakachotengeneza, tunza risiti zenye jina lako.

Tukifika kwa huyo mume: "fanya unavyoona" ni jibu la mtu anayemkwepa dada yake. Ukitoa makabati, yeye hakuwepo. Ukiacha, yeye hakukukataza. Mwambie kwa upole, akiwa ameshakula, kwamba simu ya wifi yako ni yake kuipokea. Wewe usijibizane naye. Anamlilia baba yake, na mbao zile ndizo zilizobaki za kushika.

Anayestahili kusikia sauti yako ni mama. Mpigie mwenyewe, usipitie kwa binti yake. Msalimie, muulize magoti, kisha umwambie unataka kutengeneza jiko na umuulize alikuwa anachukia nini humo alipokuwa akipika. Mtu aliyepika mahali pamoja miaka yote hiyo hakosi orodha. Huenda akakuambia ile droo ya kushoto ilikuwa inamng'ata vidole tangu siku ya kwanza, na marehemu alikuwa akiahidi kuirekebisha. Akishakutajia hayo, wifi atakuwa na la kusema kwa mama yake, si kwako.

Jina la jiko usilitafute kwenye milango. Weka meupe, wageni watasema mmeweka makabati mapya kwenye jiko la mama. Wakikuta umeshusha rafu kwa kimo chako, na mama mwenyewe akija anakuuliza chumvi siku hizi unaiweka wapi, watazoea.

Mrudie fundi akuandikie upya hesabu, kila kazi na bei yake: kung'oa rangi, bawaba, kushusha ya juu, kidaraja cha chini. Aanze na sinki, kabla masika hayajaingia.