Muulize Fundi: Vinu vidogo vya nyuklia, TANESCO wachukue?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi niko huku Namtumbo, Ruvuma. Nasikia siku hizi kuna vinu vya nyuklia vidogo, vinatengenezwa kiwandani vinaletwa vipande vipande mnakuja kuunga tu. Sasa uraniamu si tunayo hapa hapa Mkuju, kwa nini TANESCO wasichukue viwili vitatu tukaachana na mambo ya kusubiri mvua bwawa lijae? Mke wangu anaogopa mionzi, mimi naona anachelewesha maendeleo tu. – Msomaji, Namtumbo

JIBU: Nzuri ndugu yangu, ila shemeji muache kwanza, ana haki ya kuuliza, japo mimi ningekuwa yeye ningeogopa kitu kingine kabisa, ningeogopa bili.

Nianze na uraniamu maana watu wengi wanateleza hapo. Ile ya ardhini, sehemu inayowaka vizuri kinuni haifiki hata asilimia 1, ni kama 0.7 hivi. Ili iwe mafuta ya kinu inabidi irutubishwe, yaani sehemu hiyo iongezwe, mpaka asilimia 3, 4, karibu na 5, na miundo mingine mipya inataka mpaka karibu 20, halafu itengenezwe vidonge, vipangwe kwenye fito. Viwanda vya hiyo kazi duniani ni vya kuhesabu na hapa kwetu hakuna. Kwa hiyo ni korosho ileile, unauza ghafi halafu unanunua ya pakiti. Kuwa na Mkuju ni vizuri kwa mrabaha na ajira ila hakukupi umeme wa bei chee.

Sasa hoja ya udogo, hapo umegusa penyewe. Kinu cha kawaida ni megawati 1,000 na zaidi, na mafundi wa gridi wana kanuni yao kwamba mashine moja isizidi kama asilimia 10 ya mzigo wa gridi yote, maana ikizimika ghafla zilizobaki zinalemewa na nchi nzima inaingia gizani. Sisi mahitaji ya juu kabisa yanacheza karibu na megawati 2,000 tu. Hata mashine moja ya Bwawa la Nyerere, ambayo ni megawati 235, tayari inavuka hiyo kanuni (ziko tisa, jumla 2,115). Kwa hiyo 1,000 kwetu haingii hata kwa kusukuma, lakini 77 au 100 inaingia vizuri. Kwa karatasi ni dili kabisa.

Tatizo sio karatasi. Ngoja nikupe kisa cha Utah kule Marekani, ndio kisa ninachompa kila anayeniuliza hili swali. Kule kuna miji midogo inamiliki umeme wake yenyewe, yaani idara ya umeme ni ya manispaa, na hiyo miji imejiunga kwenye ushirika unaitwa UAMPS ili wanunue kwa pamoja, fikiria kikoba lakini cha megawati. Wakaona mitambo yao ya makaa ya mawe inakwisha muda wake, wakaamua wajenge vinu vidogo vya kampuni ya NuScale kwenye eneo la maabara ya taifa jimbo la Idaho. Mwanzoni ilikuwa moduli 12 (moduli ni kinu kimoja kidogo), baadaye wakapunguza zikawa 6 za megawati 77 kila moja, jumla 462. Serikali kuu nayo mwaka 2020 ikaahidi kuwaunga mkono kwa dola bilioni 1.355 kwa awamu. Ungesema hapo nani wa kuwazuia?

Mwaka huohuo wa 2020 gharama ilikuwa inatajwa dola bilioni 6.1 na hapo moduli bado ni 12. Januari 2023 wakatangaza bilioni 9.3, na moduli ni 6. Soma tena hapo. Mashine nusu, bei juu. Mabomba ya chuma yalipanda, mabati, waya, riba ndio usiseme, na mradi wa nyuklia unakopa leo unaanza kuuza umeme baada ya miaka, kwa hiyo riba ikipanda kidogo tu inakutafuna kimya kimya. Bei waliyolenga ikatoka dola 58 kwa megawati-saa moja ikaenda 89, na hiyo 89 ni baada ya ruzuku ya kama dola 30, bila ruzuku ni karibu 119.

Tuibadilishe iwe lugha ya LUKU. Megawati-saa moja ni yuniti 1,000, na dola tuseme shilingi 2,500, basi 58 ni shilingi 145 kwa yuniti, 89 ni kama 222, na ile 119 ni kama 297. Hiyo ni kuzalisha tu kaka! Bado nguzo, transfoma, njia kubwa, umeme unaopotea njiani, na fundi wa kuja saa nane usiku. Wewe ukinunua LUKU nyumbani tarifu ya kawaida ni shilingi 292 kabla ya VAT, sasa piga hesabu mwenyewe.

Au tupime kwa ujenzi. Bilioni 9.3 gawa kwa megawati 462 unapata zaidi ya dola 20,000 kwa kila kilowati. Mkataba wa Bwawa la Nyerere ulikuwa kama dola bilioni 2.9, hiyo haifiki hata 1,400. Najua mtanijia juu kwamba bwawa halizalishi full mwaka mzima, kinu kinazalisha mvua iwepo isiwepo, na mishahara ya Marekani sio ya Rufiji. Kweli, punguza hata nusu basi, pengo bado liko.

Lakini sehemu ninayoipenda mimi ya hicho kisa ni mkataba wao. Kila mji ulijiandikisha kiasi chake, na kulikuwa na vituo njiani ambapo mji unaruhusiwa kusema jamani mimi nashukia hapa. Mwaka 2020 Logan walishuka, Lehi wakashuka, Kaysville pia, Idaho Falls wakabaki ila wakapunguza oda yao kutoka megawati 10 mpaka 5. Bei ilipofika 89 wakakubaliana kwamba mpaka mapema 2024 lazima asilimia 80 ya umeme iwe na wanunuzi. Waliojiandikisha walikuwa kama robo tu. Tarehe 8 Novemba 2023 wakaufunga mradi kabla ya kumwaga zege la kinu. Watu waliandika kwamba ni aibu kwa nyuklia, mimi naona ile miji ilifanya kazi yake vizuri sana kuliko wengi wetu tunavyofanya kwenye kikundi cha kununua Coaster.

Linganisha na Afrika Kusini, Eskom walianza habari za kinu kidogo mapema kuliko wengi, kile cha mafuta ya duara duara kama mipira, PBMR, kampuni yake iliundwa 1999. Serikali ilipokata hela mwaka 2010 zilishaenda zaidi ya randi bilioni 9 na hakuna hata kimoja kilichowaka, na katikati hapo mgao wa umeme ulishaanza.

Kuna wanaoendelea, sitaki uondoke ukidhani habari imekufa. Ontario kule Canada shirika la umeme la jimbo, OPG, lilipata ruhusa Mei 2025 kujenga vinne vya megawati 300 hapo Darlington kwa dola za Canada bilioni 20.9. Ila hao wana vinu vikubwa vinavyofanya kazi miaka nenda rudi, wataalamu wapo, mdhibiti yupo, eneo lenyewe lina vinu tayari. Na Urusi wana cha kuelea baharini, Akademik Lomonosov, mashine mbili za megawati 35, China nao wana cha nchi kavu kilichoanza biashara 2023. Ukitoa hizo utatafuta sana.

Kwa hiyo TANESCO wakikwambia wanafikiria, mimi sina neno, wafikirie. Wewe kwenye mkutano uliza mawili tu: bei ikipanda katikati ya ujenzi nani anabeba, na tunashukia kituo gani. Shemeji naye aulize mafuta yaliyotumika yatakaa wapi, maana hata hao Wamarekani wengi bado wanayahifadhi palepale kinuni.

SWALI: Fundi, mie ni Mkongomani naishi Salt Lake City. Baba alikuwa anatuambia Kinshasa kulikuwa kinu cha nyuklia tangu wakati wa Wabelgiji. Ni kweli ao ni hadithi? Na ilikuwa inatoa umeme? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama, baba alisema kweli kabisa. TRICO I iliwashwa 1959 kule chuo kikuu Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, na ndicho kilikuwa cha kwanza Afrika nzima, halafu TRICO II ikaja 1972. Umeme hapana, vilikuwa vya utafiti na mafunzo tu. Kile cha kwanza nguvu yake ilikuwa kilowati 50 za joto, yaani kama pasi hamsini zimewashwa kwa pamoja.